Video Yako Haijafungiwa: Dhana Potofu Kuhusu Video Zinazokwama YouTube

Ujumbe ni uleule, hubadilika maneno tu: "Video ilikuwa inakimbia vizuri, mara ikasimama. YouTube wamenifungia." Kazi yangu ni kuwasaidia wenye chaneli kusoma takwimu zao, na wengi wanaoniletea malalamiko haya hawajafungua takwimu za video hiyo hata mara moja. Wameangalia idadi ya waliotazama, wakaona haipandi, wakahukumu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

"Algoriti imenizibia"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Mtu akishaamini kuwa kuna aliyemzibia njia, haoni tena sababu ya kuichunguza video yake. Anakaa kusubiri afunguliwe, na miezi inapita.

Algoriti hiyo, yaani mfumo wa mapendekezo, haichukui video yako ukaanza kuisambaza kwa watu. Unaanzia kwa mtazamaji. Mtu anafungua programu, mfumo unamtafutia yeye cha kutazama. Mwaka 2016 wahandisi wa Google walichapisha maelezo ya jinsi kazi hiyo inavyofanyika: kwanza mamilioni ya video yanachujwa hadi yabaki mamia kadhaa yanayoelekea kumfaa mtu huyo, kisha hayo mamia yanapangwa kwa kukadiria atatazama nini na kwa muda gani. Muda wenyewe ulipewa uzito tangu 2012, YouTube ilipoacha kutanguliza idadi ya mibofyo, kwa kuwa vichwa vya uongo vilikuwa vinavuna mibofyo na kuwaacha watu na hasira.

Kwa hiyo video ikikwama, uliza: walioonyeshwa walifanya nini? Fungua YouTube Studio, sehemu ya mwenye chaneli kusimamia video zake, ingia kwenye takwimu za video hiyo, utazame mambo matatu kwa pamoja: kijipicha (ile picha ndogo ya kubofya inayowakilisha video) kimeonyeshwa mara ngapi, asilimia ngapi wamebofya, na waliobofya wamebaki muda gani. Ukisoma kimoja bila vingine utadanganyika.

Mfano mzuri ni asilimia ya kubofya. Mtu anaona imeshuka kutoka 8 hadi 3 na kukimbilia kubadilisha kila kitu. Lakini siku za kwanza video huonyeshwa zaidi watu wanaokufahamu, na hao hubofya kwa urahisi. Duara likipanuka, wanaingia wasiokujua kabisa. Kijipicha kilichoonyeshwa mara 5,000 kwa asilimia 8 kimekuletea watazamaji 400. Kikionyeshwa mara 60,000 kwa asilimia 3, umepata 1,800. Asilimia imeshuka, video imekua. YouTube yenyewe inaeleza kuwa nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10, basi anayelia kwa sababu ana 4 analilia hali ya kawaida.

Sasa, ikiwa kijipicha kimeonyeshwa sana na kwa muda mrefu, lakini wanaobofya ni wachache kuliko kwenye video zako nyingine zilizoonyeshwa kwa kiwango kama hicho, tatizo lipo nje ya video: kichwa na kijipicha. Mara nyingi mtengenezaji ameandika kwa ajili ya wanaomjua. "Safari yetu, sehemu ya tano" haimwambii mgeni chochote.

Ikiwa wanabofya halafu wanaondoka, nenda kwenye grafu ya kubaki kwa watazamaji na uangalie sekunde 30 za mwanzo. Hapa ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Nembo inayozunguka, muziki, salamu, "kabla hatujaanza naomba usabskraibu", maelezo ya kwa nini hukuonekana wiki iliyopita. Mtu amekuja kwa jambo ulilomwahidi kwenye kichwa, nawe unamsimamisha mlangoni. Ushauri ninaompa kila mtu, awe mgeni au mkongwe, ni huu: kata kila kitu kinachotangulia sentensi ya kwanza yenye habari. Salamu inaweza kukaa baada yake. Wengi hubisha, kisha wanaijaribu kwenye video moja, na grafu inamaliza ubishi.

Jibu la tatu ndilo watu hawapendi kulisikia. Waliobofya walibaki, kila kipimo kiko sawa, ila kijipicha hakionyeshwi tena kama zamani. Mara nyingi maana yake ni kwamba waliokuwa wanaitaka mada hiyo wameshaitazama, au haja yenyewe imeisha. Video ya kurekebisha hitilafu ya programu fulani hufa siku sasisho linapotoka, na hakuna kijipicha kitakachoifufua. Tazama pia watazamaji walitoka wapi. Video iliyoishi kwa ukurasa wa mwanzo hupanda haraka na kushuka haraka, ilhali ile inayopatikana kwa utafutaji huenda polepole na inaweza kudumu miaka. Anayetaka video zisizokufa mapema atengeneze baadhi zinazojibu maswali ambayo watu wataendelea kuuliza.

Vizuizi vya kweli vipo, sikatai. Video inaweza kuwekewa kikomo cha umri, kuzuiwa katika baadhi ya nchi kwa dai la hakimiliki, au kuondolewa kwa kuvunja miongozo. Lakini hayo hayafichwi: kwenye orodha ya video zako ndani ya Studio kuna safu nzima ya vizuizi. Kama safu hiyo haina kitu, acha kumtafuta mchawi na urudi kwenye yale mambo matatu.

"Nifute, niipakie upya"

Tafadhali usifanye hivyo. Ukifuta, unapoteza maoni, viungo vyote vilivyoelekezwa kwenye video hiyo, na saa za kutazamwa ulizokwishavuna. Anayezikusanya saa 4,000 za kuingia kwenye mpango wa mapato ajue kuwa saa za video iliyofutwa hazihesabiwi, na hata ukiifanya ya faragha ni vilevile. Kisha unapakia video ileile, yenye udhaifu uleule.

Badilisha kijipicha na kichwa vya video iliyopo. Studio ina nyenzo ya kujaribu hadi vijipicha vitatu kwa wakati mmoja, na mshindi huamuliwa na muda uliotazamwa, kwa hiyo kijipicha cha kuhadaa hakipati upendeleo. Anza na video za zamani ambazo watu hubaki hadi mwisho ila wanaozibofya ni wachache. Hizo ndizo zenye faida ya haraka, na karibu kila chaneli niliyoikagua ilikuwa nazo.

"Nipakie kila siku ili mfumo unikumbuke"

Mfumo hauna kinyongo na aliyepumzika. Kupakia mara kwa mara husaidia kwa kuwa unajifunza kwa kufanya, na watazamaji wako hupata mazoea. Video saba zilizofanywa kwa haraka zitakuchosha wewe kabla ya kumchosha mtu mwingine.

"Sikuweka tagi za kutosha"

YouTube imeshasema wazi kwamba tagi, yaani maneno ya utambulisho unayojaza unapopakia video, zina mchango mdogo sana. Zinafaa pale jina linapokosewa tahajia mara kwa mara. Dakika ishirini za kukusanya tagi zipeleke kwenye kichwa.

"Nina wafuatiliaji wengi, mbona hawaji?"

Kwa sababu kusabskraibu ni jambo moja na kuarifiwa ni lingine. Ili aarifiwe kila video, ni lazima mtu awe amechagua arifa zote kwenye kengele, na arifa za simu yake ziwe hazijazimwa. Hata hapo, chaneli moja inaweza kumtumia arifa tatu tu ndani ya saa 24. Januari 2018, Neal Mohan, aliyekuwa mkuu wa bidhaa wa YouTube, alisema zaidi ya asilimia 70 ya muda unaotazamwa hutokana na mapendekezo. Tengeneza video ambayo hata asiyekujua ataielewa bila kutazama zilizotangulia.

"Ninunue watazamaji niiamshe"

Ni kinyume cha sera, na idadi hiyo ikigundulika huondolewa. Zamani kaunta ya watazamaji ilikuwa inagota kwenye 301 huku mfumo ukihakiki kama watazamaji ni wa kweli. Utaratibu huo uliachwa Agosti 2015, ila uhakiki wenyewe haujaachwa. Wasiotazama kwa kweli wanaharibu pia takwimu za kubaki, yaani kile kipimo ambacho ungekitumia kujua kosa liko wapi.

"Shorts zangu zilipanda, sasa zimeanguka"

Kabla ya kulinganisha, angalia tarehe. Tangu 31 Machi 2025, Shorts (video fupi za YouTube) huhesabiwa kuwa imetazamwa kila inapoanza kucheza au kurudiwa, hata mtu akiipita papo hapo. Namba za kabla na baada ya siku hiyo hazipimi kitu kimoja. Kipimo cha zamani, kinachohesabu waliobaki kutazama, bado kipo ndani ya takwimu za Studio, na mpango wa mapato unakitumia hicho.