Fundo Lisiteleze, Lising'ang'anie: Kamba za Kupandia Miti

Vijana wanaoanza kupogoa miti kwa kamba hapa Malindi huniuliza wafunge fundo gani la kuwashika kwenye kamba wanapopanda na kushuka. Mimi hutaka kwanza kuziona kamba zao. Fundo linalokaba barabara kwenye kamba ya milimita 13 iliyokwishatumika laweza kuteleza kwenye kamba mpya ya milimita 11, hata kama mfungaji ni yule yule.

Mkwezi wa minazi hupanda na kushuka njia moja. Kwenye mwembe mkubwa wa ngowe ni lazima utoke hadi ncha ya tawi, urudi, ushuke kidogo, upande tena. Kwa hiyo tunataka fundo linalokaba likibebeshwa uzito, na kusogea uzito ukiondoka. Prusik, lenye jina la Mwaustria Karl Prusik aliyelieleza mwaka 1931, hukaba vizuri mno. Likishabeba mtu, kulilegeza ni shughuli.

Anayeanza namfunza fundo liitwalo Blake. Zungusha mara nne kwenda juu, shusha ncha, ipitishe mbele ya sehemu inayokuja kiunoni, kisha nyuma ya kamba kuu, uichomeze chini ya mizunguko miwili ya chini. Malizia ncha kwa fundo la kuzuia isichomoke. Blake hukaba hata kamba ya fundo ikiwa na unene sawa na kamba kuu. Ubaya wake ni joto: ukishuka kwa kasi, papasa mahali pa msuguano na utakuta nyuzi zimekuwa ngumu, zinang'aa. Hapo kata, tupa. Ndiyo maana nasisitiza fundo lifungwe kwa kipande cha pekee, siyo kwa mkia wa kamba kuu.

Mafundo yanayofungwa kwa kijikamba kifupi, kama Distel na Valdotain, hulegea kwa urahisi na mkono hauchoki, lakini yanataka kurekebishwa. Likiteleza, ongeza mzunguko mmoja juu, au fupisha kijikamba. Liking'ang'ania, punguza mzunguko. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha lijaribu ukining'inia futi moja kutoka ardhini, ujirushe kidogo. Jaribio hili lirudiwe kila asubuhi, na tena mvua ya masika ikilowesha kamba, au utomvu wa mwembe ukiigandia, kwa sababu fundo la jana si lazima likabe leo. Kamba itandikie turubai. Mchanga ukiingia ndani hukata nyuzi usikoona.

Jambo ninalolirudia mpaka wanachoka nami: ukianza kuteleza, achia fundo! Mkono wenye hofu hulishika, na fundo lililoshikwa haliwezi kukaba. Tunalifanyia mazoezi chini, mara nyingi, mpaka mkono uzoee.

Haya yote ni ya kamba iliyopitishwa juu ya tawi na kurudi, ambapo fundo hubeba takriban nusu ya uzito wako. Kwenye kamba moja iliyofungwa juu, hubeba wote; ukishukia fundo tupu litapata moto na kukwama. Huko pana haja ya kifaa cha kuongeza msuguano juu ya fundo, kama Rope Wrench.

Na tafadhalini, zile kamba za plastiki za rangi rangi za kufungia mizigo na mashua msizifungie mafundo haya. Nyingi ni za polipropilini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, wakati poliesta ya kamba za kupandia huyeyuka karibu na 250.