Mama akiajiriwa, mtoto haharibiki

Imani kwamba kazi ya mama humdhuru mtoto ilipata nguvu mwaka 1951, John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, alipoliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama. Lakini wengi wa watoto hao walikuwa wametenganishwa kabisa na familia, wengine wakilelewa kwenye taasisi. Mtoto ambaye mama yake hurudi jioni ni habari nyingine.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichambua tafiti 69 za miongo mitano. Kwa jumla, ajira ya mama mtoto akiwa mdogo haikuendana na utovu wa nidhamu wala kufeli masomo baadaye. Kwenye familia za mzazi mmoja au za kipato kidogo, watoto hata walielekea kufanya vizuri zaidi, pengine kwa sababu pesa ikipatikana wasiwasi nyumbani hupungua. (Baba, ajabu, haulizwi swali hili.)

Tahadhari ipo: mama akirudi kazini kutwa nzima ndani ya mwaka wa kwanza, baadhi ya matokeo yalishuka kidogo. Hapo mimi ningeihoji likizo ya uzazi kabla ya kumhoji mama.