Macho mazima, lakini mtoto haoni sawasawa

Wazazi wengi huambiwa macho ya mtoto hayana kasoro, wakarudi nyumbani wakiamini ni ukaidi tu. Jicho hupokea picha, lakini anayeielewa ni ubongo. Ubongo ukiumia, mboni inaweza kuwa safi kabisa na mtoto asione vizuri. Chanzo huwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, sukari kushuka sana siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo au kichwa kujaa maji. Hutokea sana kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, na huko ndiko husahaulika, maana kila mtu anahangaikia shingo na miguu.

Dalili kubwa ni kuona kunakobadilika: asubuhi anakiona kikombe, jioni akichoka anakipapasa. Hukodolea taa. Huona kinachotikisika kuliko kilichotulia. Humtambua mama kwa sauti kabla ya sura. Akikua hujikwaa kwenye ngazi, au huacha chakula upande mmoja wa sahani. Ukimpeleka sokoni kwenye watu wengi, kama Kilombero ya Arusha, hufumba macho au hulia. Vitu ni vingi mno kwa ubongo wake.

Nyumbani, anza na kitu kimoja, chekundu au cha njano, juu ya kitambaa cheusi kisicho na maua. Kanga haifai hapa, kwani kitu hupotelea kwenye michoro. Kiweke karibu, kama sentimita 30, kitikise kidogo, kisha nyamaza. Hesabu polepole hadi 15, hata zaidi. Wengi hukosea hapa: wanaongea huku wanaonyesha, na mtoto akisikiliza huacha kutazama. Ugali mweupe mpe kwenye sahani ya bluu. Kummulika tochi ya simu machoni si mazoezi.

Mtoto wa miezi 3 asiyefuata uso kwa macho apelekwe hospitali. Mboni ikionekana nyeupe ni dharura, usisubiri. Arusha unaweza kuanzia hospitali ya Mount Meru. Moshi kuna idara ya macho ya hospitali ya KCMC. Omba apimwe miwani kwa dawa ya matone, kwa sababu wenye mtindio wa ubongo mara nyingi hushindwa kuona vya karibu pia. Miwani haitibu ubongo, ila huondoa kikwazo cha pili. Kifafa nacho kidhibitiwe, kwani degedege huvuruga kuona. Akianza shule, mwalimu amwandikie herufi kubwa, maneno machache kwa ukurasa, na mistari mingine aifunike kwa karatasi.