Sandwichi ya Moto Iliyo Nyepesi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anayetaka kupunguza uzito wa sandwichi ya moto aghalabu huanza kwa kuushuku mkate, akauacha mweupe na kununua wa kahawia kwa imani kwamba una kalori chache. Ukweli ni kwamba slesi moja ya mkate wowote kati ya hiyo miwili ina takriban kalori 75, na faida ya ngano isiyokobolewa iko kwenye nyuzinyuzi zake, ambazo humshibisha mlaji kwa muda mrefu zaidi. Tena rangi haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa ipo mikate inayotiwa rangi ya karameli tu. Soma karatasi yake uone unga uliotajwa mwanzo ni upi.

Dhana inayowapoteza wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kwamba ukiacha siagi na kutumia majarini au mafuta ya zeituni, sandwichi imekwisha kuwa nyepesi. Mafuta ya zeituni ni bora kwa moyo kuliko siagi, hilo halina ubishi, lakini gramu moja ya mafuta yoyote ina kalori 9, ilhali gramu ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta hubeba kama kalori 120, nyingi kuliko za slesi nzima, na mkate uliowekwa juu ya mafuta yaliyomiminwa kikaangoni huyafyonza yote. Kwa hiyo pima nusu kijiko cha chai, uyapakaze kwa brashi upande wa nje wa mkate, kisha uiweke sandwichi kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo na kuigandamiza kwa sufuria ndogo nzito. Baada ya dakika tatu hivi, ukipitisha ncha ya kisu juu ya mkate utausikia ukikwaruza, nao utakuwa na rangi ya dhahabu, kwa sababu rangi hiyo huletwa na joto linapokutana na sukari na protini zilizomo kwenye unga.

Wapo pia wanaoamini kwamba jibini haina budi kuondolewa, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakarudia mazoea yao. Gramu 30 za cheddar zina karibu kalori 120, lakini nusu yake, ikiwa ni kali na imekunwa laini, huenea slesi nzima na ladha yake hufika kila unapouma. Jibini iliyoondolewa mafuta yote siipendekezi, kwani haiyeyuki vizuri, hubaki ngumu kama mpira. Funika kikaango dakika ya mwisho ili mvuke uiyeyushe kabla mkate haujaungua.

Kwa sandwichi ya jodari wa kopo, chagua aliyehifadhiwa kwenye maji ya chumvi badala ya mafuta. Kijiko cha chakula cha mayonezi kina kalori zipatazo 90. Weka kimoja tu, uongeze vijiko vitatu vya mtindi uliochujwa kwenye kitambaa safi usiku kucha, pamoja na ndimu, kitunguu na pilipili manga.

Soseji ya kuku nayo huhesabiwa kuwa nyepesi kwa sababu ya jina la kuku. Mara nyingi ndani yake mna ngozi, mafuta na chumvi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Isitoshe, mwaka 2015 taasisi yake ya utafiti wa saratani iliziweka nyama zilizosindikwa katika kundi la visababishi vya ugonjwa huo. Kidari cha kuku kilichochemshwa jana, kikachambuliwa kwa vidole na kutiwa kitunguu saumu, kinatosha kabisa. Nyanya itolewe mbegu na kupangwa katikati, kati ya kuku na jibini, isiguse mkate ikauloanisha.