Intaneti isiyoonekana si pango la wahalifu
Ule mchoro wa mlima wa barafu unaosambazwa mitandaoni, unaodai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya intaneti ni soko la silaha na dawa za kulevya, unapotosha. Yasiyoonekana kwenye Google mengi ni ya kawaida kabisa: barua pepe zako, akaunti ya benki, kumbukumbu za hospitali. Yamefungwa kwa nywila, na ni sawa yafungwe.

Mtandao wa giza (dark web), yaani sehemu iliyofichwa makusudi, ni kipande kidogo tu cha intaneti hiyo isiyoonekana, hufikiwa kwa programu kama Tor, inayoficha utambulisho wa mtumiaji. Tor ilitokana na utafiti wa jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990. Kwa kawaida hupitisha mawasiliano kwenye kompyuta tatu, kila moja ikijua jirani zake tu. Wahalifu wamo, ndiyo. Lakini hata BBC iliweka tovuti humo mwaka 2019, ili wanaofungiwa habari waisome.