Herufi hazigeuki machoni

Mtoto akiambiwa aandike "dada" akaandika "baba", wakubwa husema anaona herufi kinyume, apelekwe kwa daktari wa macho. Imani hii ni ya zamani. Mwaka 1925 daktari wa Marekani, Samuel Orton, alieleza disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika, kama hali ya alama kupinduka, na wazo hilo likaganda.

Lakini kuchanganya b na d ni kawaida kwa watoto wanaoanza kusoma. Kikombe hubaki kikombe hata ukigeuza mkono wake. Herufi ndiyo kitu cha ajabu kinachobadilika jina kikigeuzwa! Kwa wengi wenye disleksia, ugumu uko kwenye sauti: kuitenga ndani ya neno na kuiunganisha na herufi yake. Miwani haiondoi hilo. Kupima macho ni vizuri, ila ni jambo lingine.

Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto anaweza kusoma bila makosa mengi, ila polepole mno, silabi kwa silabi, hadi maana impotee. Huyo ndiye huitwa mvivu.

Mzazi anayefundisha nyumbani hahitaji kusimamisha kazi. Mkisukuma chapati, muulize: kwenye "kikapu" ukitoa "ki" kinabaki nini? "Paka" ikianza kwa t inakuwaje? Kisha aandike t kwa kidole kwenye unga, huku akiitamka. Dakika 10 kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi zinazoishia kwa machozi, yake na yako.