Bei kikomo ya umeme wa jumla: ni nini, na kwanini inawekwa umeme ukiwa haba

Nianze na maji, maana maji ya dumu kila mtu Dar anayajua. Mwaka 2022, mwezi wa kumi kuingia wa kumi na moja, Mto Ruvu ulipopungua na mabomba yakawa yanatoa upepo tu, kwetu Tabata dumu la lita 20 lililokuwa mia mbili likafika mia saba. Mtaani tulikuwa tunamtegemea mama mmoja mwenye simtanki mbili za lita elfu tano, analeta boza, anajaza, anatuuzia. Kelele zikazidi, mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao akatangaza kuanzia kesho dumu ni mia tatu na atakayezidisha anafungiwa. Tukapiga makofi.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tuko foleni na madumu yetu, koki imefungwa na komeo. Nikamwambia shikamoo mama, leo vipi? Akasema, "Marahaba mwanangu. Boza la lita elfu kumi wananiletea kwa laki mbili. Gawa mwenyewe, ni madumu mia tano, dumu linanifikia mia nne. Nikikuuzia mia tatu kesho nalipa boza na nini?" Na boza lililokuwa limuletee yeye siku ile likageuza likaenda mtaa wa ng'ambo ya barabara, ambako hakuna mtu aliyepanga bei. Sisi wenye bei nzuri ndo tuliokosa maji. Ikabidi wenyeviti wa mitaa miwili wakae pamoja, wakapiga hesabu ya boza kwa kalamu na karatasi, wakaweka mia tano pande zote mbili. Ilikuwa inauma lakini koki ikafunguliwa.

Naielezea hivi kwa sababu hiyo stori ndo dhana nzima ya leo, badilisha tu maji weka umeme.

Umeme wa jumla ni ule unaouzwa na mwenye mtambo wa kufua kwenda kwa anayesambaza, kabla haujafika kwenye luku yako. Ni kama tofauti ya Kariakoo na duka la mtaani. Bei kikomo neno tunalijua vizuri kwenye mafuta, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wetu wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, yaani kiwango ambacho muuzaji harusiwi kukivuka, chini yake ruksa. Sasa kuna nchi nyingi ambazo umeme wa jumla unanadiwa sokoni, bei inabadilika kila nusu saa, kwingine kila dakika tano, na huko ndiko swali linapokuja: umeme ukiwa haba, mdhibiti aache bei ipande inavyotaka au aweke kikomo?

Kwanza tuelewe mnada wenyewe. Chukua mfano wa namba nilizotunga tu. Bwawa la maji linaweza kuuza uniti shilingi 30, mtambo wa gesi 150, mtambo wa dizeli 800. Anayesimamia gridi anaanza na rahisi, anapanda mpaka apate umeme unaotosha watu kwa muda huo. Ule mtambo wa mwisho aliouhitaji ndo unapanga bei, na wote wanalipwa bei hiyohiyo, kwahiyo dizeli ikiingia basi hata bwawa linalipwa 800. Watu wengi wakisikia hapa wanakasirika na mimi nilikasirika, ila siku za kawaida utaratibu huu una faida yake, kila mwenye mtambo anaona heri ataje gharama yake halisi maana akijipandisha anarukwa anachukuliwa mwingine.

Tatizo ni siku ya uhaba. Mvua hazijanyesha, mtambo mmoja mkubwa umeharibika, na mitambo yote iliyobaki inahitajika, hakuna wa kuruka. Mwenye ile dizeli ya mwisho anajua bila yeye nusu ya mji inazima. Akisema 800 anachukuliwa, akisema 8,000 anachukuliwa, akisema 80,000 bado anachukuliwa, maana umeme haukai ghalani kama mchele, unafuliwa na kutumika sekunde ileile. Na sisi watumiaji bei ya mnada hatuioni, friji inaendelea kuvuta, feni inazunguka, hakuna anayejua kwamba saa mbili hii ya usiku uniti imepanda mara mia. Nyanya zikipanda unapika bila nyanya, bei inakuambia upunguze na wewe unapunguza, ila kwenye umeme hicho kitu hakipo. Halafu kuna baya zaidi, mwenye mitambo mitano akizima mmoja akasema upo matengenezo, ile minne iliyobaki inamuingizia kuliko yote mitano ingemuingizia. Huo ni ulanguzi uleule wa kuficha sukari stoo ila huu wa umeme ni mgumu kuukamata, maana mtambo kuharibika ni kitu kinachotokea kweli.

Kwahiyo kikomo cha bei siku ya uhaba hakiwekwi kwa sababu uhaba haupo au gharama hazijapanda. Kinawekwa kwa sababu siku hiyo ushindani umekufa, na bei isiyo na ushindani haitupi habari yoyote ya kweli.

California waliyapata haya yote kwa pamoja mwaka 2000 na 2001. Walifungua soko la jumla, lakini bei ya mteja wa nyumbani kwa sehemu kubwa ya jimbo wakaifunga. Mwaka 2000 ukaja na ukame kaskazini mwa magharibi, gesi ikapanda, joto likapanda, megawati-saa moja, yaani uniti elfu moja, iliyokuwa dola thelathini na kitu ikavuka dola 300 kufikia Desemba. Makampuni ya kusambaza yananunua kwa 300 yanauza kwa bei iliyofungwa, hesabu hiyo haiendi popote, na kampuni kubwa ya PG&E ikaomba ulinzi wa mufilisi Aprili 2001. Januari watu walishakatiwa umeme kwa zamu, mgao kabisa kama wetu, kwenye jimbo tajiri vile.

Na kikomo walikuwa nacho! Kilianza dola 750, kikashushwa 500, kikashushwa 250, mambo yakazidi kuharibika. Kwanini? Boza limegeuza. Kikomo kilikuwa cha California peke yake, majimbo ya jirani hayana, basi wafanyabiashara wakawa wanautoa umeme nje ya jimbo halafu wanaurudisha kama umeme wa kigeni ambao haubanwi na kikomo. Enron, kampuni ya Marekani ya biashara ya nishati, walikuwa na majina ya kificho kabisa kwa michezo ya aina hii. Umeme haukusogea popote pa maana, karatasi ndo zilizosafiri.

Kilichokuja kutuliza ni agizo la mdhibiti wa shirikisho, FERC, Juni 2001. Safari hii hawakutaja namba ya kisiasa, walisema kikomo kitafuata gharama ya mtambo wa gesi unaokula gesi nyingi kuliko yote unaohitajika saa ile, na kitabana majimbo yote ya magharibi kwa pamoja, saa zote. Kiangazi hicho bei zikashuka. Zilisaidiwa pia na gesi kushuka na watu kubana matumizi, sio kikomo peke yake, lakini mwenye mtambo hakuwa tena na sababu ya kuusubirisha ili bei ipande wala mahali pa kuukimbizia.

Australia wao walifungwa na lile komeo la mama wa simtanki. Soko lao lina vikomo viwili, kimoja kikubwa sana cha siku zote, mwaka 2022 kilikuwa dola zao 15,100 kwa megawati-saa, na kingine cha dharura cha dola 300 ambacho kinajiwasha chenyewe jumla ya bei za siku saba mfululizo ikivuka kiwango kilichowekwa. Hiyo 300 ilipangwa mwaka 2008. Juni 2022 makaa na gesi vimepanda dunia nzima kwa vita ya Ukraine, baridi imeshika, mitambo ya makaa kadhaa imelala, kikomo cha dharura kikawaka, na kufua kwa gesi tu kulikuwa kunazidi hiyo 300. Wenye mitambo wakafanya hesabu ya boza, wakaondoa umeme wao mnadani. Msimamizi wa soko, AEMO, akawa anawaamuru mmoja mmoja washa, wewe washa, mpaka tarehe 15 Juni akasimamisha soko zima, kitu ambacho hakikuwahi kutokea huko, likarudi kamili tarehe 24. Baadae mwaka huohuo kikomo cha dharura kikapandishwa kuwa 600. Miaka kumi na minne namba ileile kwenye dunia ambayo kila kitu kinapanda, mimi naona kosa lilikuwa hapo, sio kwenye kuwa na kikomo.

Kuna upande wa pili na lazima usikilizwe maana hauna ujinga. Unasema mitambo mingine inalala mwaka mzima kusubiri siku chache za shida, sasa ukiwanyima bei kubwa siku hizo chache atajenga nani? Texas walilifuata hili mpaka mwisho, kikomo chao kilikuwa dola 9,000 kwa megawati-saa. Kwa lugha ya luku hiyo ni dola 9 kwa uniti, kwa shilingi ya wakati ule zaidi ya elfu 20 kwa uniti moja, elfu kumi yako haikununulii hata nusu uniti. Februari 2021 ikaja baridi kali, mitambo ikaganda, mabomba ya gesi yakaganda, na tume yao ya huduma ikaagiza bei ikae palepale juu kwenye 9,000, ikakaa siku kama nne. Lakini mtambo ulioganda hauyeyushwi na bei. Walikufa watu zaidi ya mia mbili, wengi kwa baridi majumbani, chama cha ushirika cha umeme cha Brazos kikafilisika kwa bili, na kuanzia 2022 kikomo kikashushwa mpaka 5,000. Bei kubwa inavuta umeme kama kuna umeme wa kuvutwa, kama haupo inabaki kuwa deni tu la mtu fulani.

Sasa mtu ataniuliza, hayo ya Wazungu sisi yanatuhusu nini, huku TANESCO ndo mnunuzi mmoja na hakuna mnada? Kweli hakuna. Mwaka 2014 serikali ilitoa ramani ya mageuzi ya kufika 2025 iliyotaka shirika ligawanywe na soko la jumla lije, halijaja. Bei ya mtambo binafsi kwetu inaandikwa kwenye mkataba na EWURA ndo wanaupitia.

Ila bei ya uhaba tumeilipa sana, tuliilipa kwa mlango mwingine. Mwaka 2006 ukame umekausha bwawa la Mtera, mgao kila kona, nchi inatafuta megawati 100 haraka haraka, ndipo ukasainiwa mkataba wa mitambo ya dharura na kampuni ya Richmond. Mitambo haikufika kwa wakati, mkataba ukahamia kampuni nyingine, Dowans, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge. Mikataba ya aina ile inakuwa na kapasiti chaji, yaani unalipia mtambo kuwepo, uwashe usiwashe. Ukiangalia vizuri ni jambo lilelile la mtambo wa mwisho, muuzaji anajua una giza na huna pa kwenda. Tofauti ni kwamba huko sokoni bei ya giza inadumu saa chache au wiki, kwenye mkataba inaweza kudumu miaka, mvua zishanyesha mabwawa yamejaa na bado unalipa. Kwahiyo mimi kikomo ninachokitaka kwetu ni cha kwenye mikataba ya dharura, kipangwe mapema wakati taa zinawaka, kifuate gharama halisi ya mafuta na mtambo, na muda wa mkataba usizidi muda wa shida yenyewe. Kupanga bei ukiwa gizani ni kama kununua jeneza, hakuna anayebishana.

Na tusisahau nani analipa. Januari 2012 bei za umeme zilipanda kwa asilimia 40, Januari 2014 zikapanda tena kwa karibu asilimia 39, na sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa gharama ya umeme wa mafuta mazito na wa dharura miaka ile ya ukame. Bei ya luku ilitulia kwanza, deni likajikusanya kwa mnunuzi wa jumla, halafu likashuka kwetu kwa mkupuo.

Saivi bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115 na uhaba hausikiki kama zamani, lakini ndo wakati mzuri wa kuyaongea, maana mipaka inafunguka. Tangu mwisho wa 2024 gridi yetu imeungana na ya Kenya kupitia Namanga, Kenya wameungana na Ethiopia, na laini ya kwenda Zambia inajengwa, na Zambia wapo kwenye soko la nchi za kusini mwa Afrika ambako umeme unanadiwa siku moja kabla tangu 2009. Siku ukame ukipiga kuanzia Rufiji mpaka Zambezi kwa pamoja, nchi moja ikiweka kikomo chake kivyake na ya jirani ikaacha wazi, megawati zitavuka barabara usiku huohuo. Wadhibiti wa nchi hizi inabidi wakae meza moja na karatasi yao ya hesabu kabla boza halijageuza.